Picha za Menyu
Picha ya chakula kwenye menyu hupitwa na wakati kabla karatasi haijachakaa. Mpishi huondoka, sahani hubadilishwa, kipande cha nguru hupunguzwa ukubwa bei ya soko ikipanda, na mishikaki minne ya pichani hufika mezani miwili. Pwani, kusi likichafua bahari, samaki wa pichani huenda asipatikane kabisa. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa. Kwa hiyo picha hupigwa upya kila kipimo au mapishi yanapobadilika, karibu na dirisha, kwa sahani ileile anayopewa mteja. Picha ya kuazima mtandaoni ni afadhali isiwepo. Kisha picha ya zamani huondolewa kote: mezani, kwenye programu za kuagizia chakula, na ukutani, inakosahaulika zaidi.