Wana Mwanza, Tuzungumze na Wazee Wetu Kuhusu Usukani

Ndugu zangu, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko imekwisha. Zamani mzee mwenye shamba Sengerema au msiba Geita alipanga safari kwa kufuata pantoni, na giza likimkuta mara nyingi aliahirisha. Sasa anawasha gari Nyegezi saa mbili usiku, na zile kilomita 3 za daraja anazimaliza kwa dakika chache. Barabara tumeipata. Kilichobaki ni kuangalia nani ameshika usukani, na usiku anaona nini.

Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20. Mtoto wa jicho akianza, taa za lori linalokuja hutawanyika na kumpofusha, na wakishapishana humchukua muda kuona tena. Katika muda huo huo mbele yake kuna baiskeli isiyo na taa, au mama aliyebeba ndoo ya dagaa. Hata kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kisheria kwenye makazi, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Shingo nayo hukakamaa, na kwenye kipilefti bodaboda hujitokeza upande ambao mzee hakuweza kugeuka. Presha ya macho ndiyo inayonitisha zaidi: hula uoni wa pembeni polepole, bila maumivu, na mwenyewe hajui.

Wajapani waliamshwa na uchungu. Aprili 2019, Tokyo, dereva wa miaka 87 aligonga na kuua mama na bintiye wa miaka 3. Mwaka ule watu wapatao 600,000 walirudisha leseni kwa hiari, na halmashauri nyingi za kule huwapa waliorudisha punguzo la nauli. Hapo ndipo pa kujifunza. Mzee wa Buhongwa akinyang'anywa funguo na kuachwa agombanie daladala, tumemfungia ndani.

Kwa hiyo nawaomba, kila familia ipange zamu: nani anampeleka mzee kanisani au msikitini, nani kliniki, nani msibani. Mabaraza ya wazee ya kata, Nyamagana na Ilemela, yajadili jambo hili yenyewe, maana neno la mzee mwenzake hupokelewa kuliko letu. Vyama vya bajaji vichague madereva wapole kila mtaa, na namba zao zibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Trafiki nao, Wiki ya Nenda kwa Usalama ikifika, wasikague magari peke yake. Wawaalike wapimaji wa macho.

Tusimkemee baba mbele ya wajukuu. Mtu aliyeendesha miaka 40 akatulea kwa usukani huo anastahili kuombwa. Baada ya chakula mwite kando: "Baba, naomba safari za usiku nizishike mimi."

Kisha mpeleke hospitali ya Bugando au Sekou Toure akapimwe macho, na kila mwaka arudi. Siku hiyo uendeshe wewe, kwenda na kurudi, kwa sababu akitiwa matone ya kupanua mboni ataona ukungu kwa saa kadhaa.