Bahari Imo Mtoni

Baadhi ya wazazi wetu hapa Pwani huvunjika moyo kijana aliyetamani elimu ya bahari anapopangiwa Chuo Kikuu cha Embu au kile cha Meru. Huko kwenye miraa na majani ya chai, huuliza, bahari iko wapi? Nasi twasema imo mtoni.

Rupingazi, Thuci na Kathita huteremka kutoka Mlima Kenya, hatimaye zikaingia Tana, nayo Tana humwaga maji yake karibu na Kipini. Udongo unaokokolewa na mvua kwenye shamba lisilo matuta ndio tope linalozinyima mwanga nyasi za bahari, malisho ya tafi. Lakini mikoko ya delta nayo yauhitaji udongo, na mabwawa, tangu Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, huuzuia. Upi mwingi, upi haba? Mpiga mbizi peke yake hawezi kulijibu swali hilo.

Misitu ya mwani mkubwa isifiwayo vitabuni haioti kwetu, kwani maji yetu ni ya joto. Jamaa zetu wa Omani wanayo Dhofar, ambako pepo za kharifu hupandisha maji baridi kutoka vilindini. Kijana asihuzunike kuikosa.

Likizo ikifika, wazazi, mpelekeni Gazi akawaone wanavijiji wa Mikoko Pamoja, wanaoitunza mikoko yao na kupata fedha za maji na shule. Na daftari la vipimo vyake vya Rupingazi asilisahau.