Kujitegemea si kubahatisha

Kuna mawazo mawili potofu yaliyoota mizizi nchini kuhusu ufundi wa umeme wa magari, na yote mawili yanaligharimu Taifa. Wazo la kwanza ni la wale wanaoamini kwamba mtu yeyote mwenye koleo, kipande cha waya na utepe mweusi anaweza kufungua boneti ya pikapu akaongeza taa, redio, honi au pampu kama apendavyo, mradi kitu kiwake. Wazo la pili ni la wale wakaao mezani, vyeti vyao vikiwa vimetundikwa ukutani, wanaoamini kwamba nyaya za gari ni kazi ya watu wenye mikono michafu na kwamba msomi akizigusa anajishushia hadhi. Wa kwanza huiita tabia yao kujitegemea. Wa pili huiita ya kwao utaalamu. Ukweli ni kwamba wa kwanza wanabahatisha na wa pili wanakwepa, na gari linaungua katikati yao.

Pikapu si chombo cha anasa. Katika wilaya nyingi za Tanzania ndiyo inayopeleka chanjo zahanati, mbegu na mbolea kwa mkulima, mahindi ya chakula shuleni, na mgonjwa hospitalini usiku wa manane. Barabara ni mbovu, giza ni nene, na ng'ombe hawajui kanuni za barabarani. Kwa hiyo dereva anayetaka mwanga zaidi hana kosa. Haja yake ni ya kweli. Linalostahili kulaumiwa ni namna haja hiyo inavyotimizwa.

Tazama jinsi maafa yanavyoandaliwa hatua kwa hatua. Dereva ananunua taa mbili za nyongeza, kila moja wati 100. Umeme wa pikapu ni volti 12. Wati 200 zikigawanywa kwa volti 12, jibu ni karibu ampea 17. Hesabu hiyo ni ya darasani, lakini haifanywi. Badala yake fundi wa kubahatisha anatafuta waya wowote ulio karibu, mara nyingi ule wa taa ndogo za mbele ambazo balbu zake ni za wati 5 tu, anauchuna ganda, anausokota na waya mpya, anazungushia utepe, kisha anapokea ujira wake. Taa zinawaka. Watu wanapiga makofi.

Baada ya muda mfupi fyuzi ya ampea 10 inakatika. Hapo fyuzi imetimiza wajibu wake kama mlinzi mwaminifu aliyepiga kelele alipomwona mwizi. Lakini mlinzi huyo hasikilizwi, anafukuzwa kazi. Fyuzi nyekundu ya 10 inang'olewa, inawekwa ya kijani ya 30, na ikikosekana inawekwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kipande cha waya, au msumari. Tangu saa hiyo gari halina fyuzi tena. Waya wenyewe, ule mwembamba uliojificha nyuma ya dashibodi karibu na magoti ya abiria, ndio uliogeuzwa kuwa fyuzi.

Ni lazima jambo hili lieleweke, maana ndilo kiini cha mambo yote. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya; haikuwekwa pale kwa ajili ya taa. Umeme upitapo katika waya huzaa joto, na joto hilo haliongezeki sawasawa na mkondo. Mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ukizidi mara tatu, joto huzidi mara tisa. Ganda la plastiki hulainika, kisha huyeyuka, na shaba tupu hugusa bati la gari. Betri ya pikapu, ambayo watu huidharau kwa kuwa volti zake 12 hazirushi mtu, inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo mmoja. Msumari uliowekwa mahali pa fyuzi hautazuia lolote. Kinachofuata ni moshi, na baada ya moshi ni moto, ilhali tangi la mafuta halipo mbali.

Kuna wanaosema kwamba kazi iliyo sahihi ni ghali na kwamba mwananchi wa kawaida haimudu. Hoja hiyo ni dhaifu. Kazi iliyo sahihi inahitaji waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 2.5 kwa masafa mafupi, au 4 kwa masafa marefu, uvutwe moja kwa moja kutoka kwenye betri. Fyuzi ya ampea 20 iwekwe umbali wa shubiri moja hivi kutoka betrini, ili waya wote ulindwe. Na rilei moja ya kawaida. Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kufungulia umeme mkubwa. Miguu yake imeandikwa namba: 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 huupeleka kwenye taa, 85 na 86 ni za koili inayoamrishwa na swichi ya dereva. Koili hiyo hutumia chini ya nusu ampea, hivyo waya mwembamba wa dashibodi haubebeshwi mzigo usio wake. Mahali waya unapopenya bati huwekwa mpira ili usikatwe na mtikisiko. Waya wa hasi hufungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi na kutu. Kabla ya yote hayo kichwa cha hasi cha betri hufunguliwa kwanza, na kazi ikiisha hufungwa mwisho, ili spana isije ikagusa bodi na kulipua cheche. Vifaa hivyo havikaribii hata kidogo bei ya gari zima. Ama kweli, rahisi ni ghali.

Lakini lawama zote zikitupwa kwa fundi wa chini ya mwembe, dhuluma itakuwa imetendeka. Fundi huyo hakufundishwa. Alijifunza kwa kutazama, kwa kuunguza vidole na kwa kukumbuka. Yupo aliyesoma jambo hili lakini akanyamaza. Uhusiano wa msukumo wa umeme, mkondo na ukinzani hufundishwa katika shule za sekondari nchini kote. Wanafunzi huikariri kanuni ya Ohm, huiandika katika mtihani na kupata alama. Kisha mwanafunzi yuleyule akiwa ofisa hupanda pikapu yenye msumari mahali pa fyuzi, kwa kuwa elimu yake aliiacha katika daftari. Tena aliisoma kwa Kiingereza, na fundi aliye jirani ya shule hufikiri na kufanya kazi kwa Kiswahili. Kati ya ubao na boneti pamechimbwa handaki, na waliolichimba si mafundi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akikosoa elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni ambayo iliwatenga wasomi na jamii iliyowasomesha na kuwafanya waone elimu ni ya vitabuni tu. Miaka mingi imepita tangu hapo. Taifa liliunda SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ikatungwa mwaka 1994, ikaleta VETA. Hizo ni hatua za kujivunia. Hata hivyo kasumba haifutwi kwa kutunga sheria. Inafutwa pale mwalimu wa fizikia atakapoona haya kufundisha umeme mwaka mzima bila kuwaonyesha wanafunzi kikasha kimoja cha fyuzi, ilhali gari la shule limeegeshwa hatua chache kutoka dirisha la darasa lake.

Wapo maofisa ambao dawa yao kwa kila tatizo ni marufuku. Hao watasema: basi, ipigwe marufuku kugusa nyaya za gari pasipo cheti. Amri kama hiyo itapendeza kwenye ubao wa matangazo na itavunjwa siku ileile. Pikapu ikizimika taa porini, maili nyingi kutoka mjini, dereva hatasubiri cheti. Atatengeneza kwa ujuzi alio nao, na akikosa ujuzi atatengeneza kwa ujinga. Marufuku haiondoi ujinga bali huuficha gizani. Mali ya umma, kwa upande wake, ina utaratibu wake wa matengenezo, na utaratibu huo sharti uheshimiwe. Mkuu wa kituo anayemruhusu dereva kuning'iniza taa na vipaza sauti kwenye gari la umma bila idhini wala mchoro hastahili kuitwa mbunifu. Ni mzembe kwa mali aliyokabidhiwa.

Linalotakiwa ni maarifa yashuke na heshima ipande. Kila gari la shule na la ofisi liwe na daftari ambamo kila waya ulioongezwa umechorwa: umetoka wapi, unakwenda wapi, fyuzi yake ni ya ampea ngapi. Kila mkaguzi wa gari aanze na kikasha cha fyuzi, na akikuta msumari, gari lisitoke. Mwalimu wa fizikia amwalike fundi darasani, naye aende gereji. Mmoja ana kanuni, mwingine ana mikono, na kila mmoja ni nusu ya mtaalamu. Fundi wa mtaani ahimizwe kupimwa ujuzi wake chini ya mpango uliopo wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ili cheti kimfuate mwenye kazi badala ya kazi kumkimbia asiye na cheti.

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea vimeundwa. Pikapu inayorudi salama usiku ikiwa na mgonjwa imeundwa pia, na sehemu ya uundaji huo ni waya wenye unene wa kutosha na fyuzi iliyo mahali pake. Mtu anayejitegemea hupima kwanza ndipo akate. Anayekata bila kupima anategemea bahati, na bahati haijapata kuwa nguzo ya Taifa lolote. Msomi anayelijua hilo na kunyamaza, huku msumari ukiendelea kukalia mahali pa fyuzi, ajue kwamba na yeye ana sehemu yake katika moto utakaowaka.