Uzalendo Hauishii Raundi ya Nne

Umezuka nchini uzalendo wa aina moja ambao hapana budi tuukemee waziwazi. Ni uzalendo wa makelele. Mwenye uzalendo huo hudai kwamba asiyemshangilia bondia wetu ni msaliti; lakini bondia huyo akishindwa, yeye ndiye wa kwanza kumtukana.

Yafaa tuutazame ukweli. Septemba 2018, Ndugu Hassan Mwakinyo alimshinda Mwingereza Sam Eggington mjini Birmingham katika raundi ya 2. Wananchi walishangilia, na walistahili kushangilia. Septemba 2022 alipambana na Liam Smith mjini Liverpool, na pambano likakomeshwa katika raundi ya 4. Dhihaka alizomwagiwa siku zile zilikuwa fedheha, si kwake, bali kwetu. Bondia alikuwa yule yule na bendera ile ile. Ni dhahiri, basi, kwamba wenye dhihaka hizo walikuwa wakiupenda ushindi, wala si Taifa.

Wiki chache tu kabla ya pambano la Liverpool, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Ndugu Yusuf Changalawe na Ndugu Kassim Mbundwike waliipatia Tanzania medali mbili za shaba katika ndondi. Je, ni wangapi kati ya mabingwa hao wa matusi wanaoyajua majina hayo?

Watajitetea kwamba shabiki ana haki ya kukosoa. Naam, anayo. Akosoe mazoezi, akosoe maandalizi, awakosoe viongozi wa mchezo. Lakini anayezomea kwa sababu tu amekosa furaha aliyoitazamia, asijifunike bendera ya Taifa.

Uzalendo wa kweli ni msimamo, nao hauyumbishwi na mapenzi ya ulingoni. Muhammad Ali alipendwa Afrika nzima, kwa kuwa mwaka 1967 alikataa kwenda kupigana Vietnam, na kwa kuwa mwaka 1974 alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Hata hivyo, Februari 1980, Rais Carter wa Marekani alipomtuma Dar es Salaam kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Marekani hiyo hiyo haikuungana na Afrika mwaka 1976, tuliposusia Montreal kwa sababu New Zealand ilicheza raga na Makaburu. Kumpenda bondia hakukugeuka kuwa utii kwa aliyemtuma. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakapata medali za fedha.

Basi msimamo ule ule uliotuwezesha kumkatalia bingwa tuliyempenda, ndio utuwezeshe kusimama na kijana wetu aliyeshindwa. Walimu wana wajibu hapa. Mtoto anayefundishwa kwamba Mtanzania huheshimiwa anaposhinda tu, kesho atamdharau mkulima aliyenyimwa mavuno na ukame. Watumishi wa umma nao wana wajibu: glovu, ukumbi wa mazoezi, mwalimu na daktari havipatikani kwa vifijo vya usiku mmoja, bali kwa mipango ya miaka.

Bondia huingia ulingoni peke yake. Akishindwa, tusimwache atoke peke yake.