Safari ya Matuta Ianzie Marakwet

UPEPO WA NAM LOLWE
Na Peres Awuor

Mtu wa Katito akisema anatamani kwenda Ufilipino kuona mashamba ya mpunga yaliyochongwa milimani, asichekwe. Mpunga umetulea. Tangu mradi wa Ahero uanze mwaka 1969, na ule wa West Kano ulipofuata katika miaka ya 1970, watoto wengi wa Kano na Nyakach wamelipiwa karo na majaruba. Hata IR 2793, mbegu iliyolimwa Ahero kwa miaka mingi, ilipewa jina na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga kilichoanzishwa Los Baños, Ufilipino, mwaka 1960. Mkulima akitaka kuona nchi ilikotoka mbegu yake, ana sababu ya haki.

Katika chama chetu cha wakulima tumeanza kuweka akiba ya safari, na kila kikao kinarudi kwenye swali lile lile: twende wapi? Vijana wameona picha za matuta ya Banaue, kule Ifugao, Ufilipino, kwenye simu na wanataka huko. Wazee wanauliza nauli. Leo natoa jibu langu hadharani, kwa sababu najua vyama vingine kando ya ziwa vinajiuliza hivyo hivyo. Twende kwanza Marakwet. Na basi letu libebe watu wa Nyabondo, walio juu yetu, na watu wa bondeni pamoja, la sivyo tubaki nyumbani.

Tuitazame Ufilipino kwanza, maana tunachokitafuta huko ndicho kitakachotuonyesha pa kuanzia. Matuta ya Ifugao yako kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Mwaka 1995 UNESCO iliyaandikisha makundi matano ya matuta hayo, Batad na Bangaan yakiwemo, kuwa urithi wa dunia. Wageni huambiwa kwamba yana umri wa miaka 2,000. Mwanaakiolojia Stephen Acabado na wenzake wamechimba huko na kueleza jambo jingine: sehemu kubwa ya matuta ya mpunga ilijengwa katika miaka 400 hivi iliyopita, watu walipopanda milimani kuukwepa utawala wa Wahispania. Kabla ya hapo, udongo ule ulilimwa zao la jamii ya nduma zetu.

Kwangu mimi, umri huo mfupi ni habari njema. Kazi inayodhaniwa kuwa ya miaka elfu mbili inaweza kufanywa na vizazi vichache vilivyoamua kuifanya. Nasi tukianza yetu, wajukuu wetu wanaweza kuikuta imekamilika.

Lakini kuta za mawe peke yake hazikuifanya kazi hiyo. Juu ya matuta, familia za Ifugao hutunza misitu wanayoiita muyong. Misitu hiyo hunyonya mvua na kuiachia polepole mwaka mzima, nayo maji hushuka kutoka tuta hadi tuta bila pampu. Msitu ukikatwa, tuta hukauka. Kijana akihamia mjini, ukuta hubomoka na hakuna wa kuurudisha. Ndiyo maana mwaka 2001 UNESCO iliyatia matuta hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na yalitolewa humo mwaka 2012 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mawe hayajitunzi. Kinachoyaweka mahali pake ni watu waliokubaliana nani atafanya nini, lini, na asiyefika atafanywaje.

Makubaliano hayo ndiyo tunayopaswa kwenda kuyaona, na kwa hayo hatuhitaji kuvuka bahari.

Afrika Mashariki ina kazi za namna hii ambazo hatuwafundishi watoto wetu. Kule Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kaskazini mwa Tanzania, kuna mabaki ya mashamba ya mawe na mifereji yaliyoenea takriban kilomita 20 za mraba. Watu waliyalima kwa karne kadhaa, kisha wakaondoka katika karne ya 18 au karibu na hapo. Konso, kusini mwa Ethiopia, matuta ya mawe yamejengwa na kurithishwa kwa vizazi zaidi ya ishirini, na UNESCO iliyatambua mwaka 2011. Ndani ya ziwa letu hili hili, kisiwani Ukara, Wakara wamelisha watu wengi kwenye ardhi ndogo kwa kujenga matuta, kufungia ng'ombe na kurudisha samadi shambani. Na anayedhani mawe si kazi ya watu wa huku aende Thimlich Ohinga, Migori. Kuta zile zilipangwa bila udongo wala saruji, zimesimama tangu karne ya 16, na zikaandikishwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2018.

Kwa nini basi Marakwet? Kwa sababu Engaruka pamekufa, na Marakwet pako hai. Engaruka utaona mawe bila mtu wa kukueleza walivyogawana maji siku ya ukame. Marakwet utamkuta mwenye zamu.

Mifereji ya Marakwet inachukua maji ya mito inayoshuka kutoka milima ya Cherangani, kama Embobut na Arror, na kuyapitisha kando ya majabali hadi mashambani kwenye bonde la Kerio. Imejengwa kwa mawe, magogo, matawi na udongo, na imerithishwa kwa karne kadhaa. Kila mfereji una ukoo au koo zinazoumiliki. Maji hugawanywa kwa zamu, mchana na usiku. Mfereji ukibomoka, wanaume wa koo husika huitwa kazini, na asiyekuja hutozwa. Mpunga hatutaukuta huko. Tutakuta mtama, wimbi, mahindi na maembe. Hilo lisitusumbue, kwa sababu mpunga tunaujua. Tusichokijua ni namna ya kuufanya mkondo mmoja wa maji uwe mali ya watu wote bila kugombana kila msimu.

Huku kwetu tumelipa gharama ya kutokujua hilo. Majaruba ya Ahero na West Kano yalijengwa kwa kutegemea pampu. Madeni na usimamizi mbovu vilipozidi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashamba yalikaa bila maji misimu mingi na familia zikarudi kuomba unga kwa jirani. Mfereji wa Marakwet hauna bili ya umeme. Una kanuni, na kanuni hizo zina wenyewe.

Upande wa juu hali ni mbaya zaidi. Mvua ikinyesha Nyabondo, maji hushuka kwa kasi kwenye miteremko isiyo na tuta wala nyasi za kutosha, yanabeba udongo, yanachimba makorongo. Korongo la Katuk Odeyo limemeza mashamba, na watafiti wa kilimo-misitu wa ICRAF wamekuwa wakiuchunguza mmomonyoko wa bonde la Nyando tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Udongo ule huja kuziba mifereji yetu ya bondeni, na maji yale huja kulala ndani ya nyumba zetu. Wa bondeni humlaumu wa mlimani. Wa mlimani husema hana faida yoyote ya kuzuia maji yanayomwagikia mtu mwingine. Ndiyo maana nasisitiza basi moja. Wakisafiri wa bondeni peke yao, watarudi na maarifa ya kutunza miteremko wasiyoimiliki.

Kuna watakaosema matuta yalishajaribiwa Kenya na watu wakayachukia. Ni kweli, na safari yetu inapaswa kubeba kumbukumbu hiyo. Enzi za ukoloni machifu waliwalazimisha watu kuchimba matuta kwa amri, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Murang'a walikataa mwaka 1947, na mwaka uliofuata wanawake waliandamana. Walikataa kufanyishwa kazi bila kuulizwa. Baada ya uhuru, Ukambani, vikundi vya kusaidiana vya mwethya, ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake, vilichimba matuta ya fanya juu kwenye mashamba yao wenyewe na kwa mpango wao wenyewe. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwamba watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, na mmomonyoko ukapungua. Tuta lile lile lililochukiwa chini ya kiboko lilipendwa mwenye shamba alipojichagulia.

Sisi nasi tuna saga, kazi ya kusaidiana ambayo mama zetu waliitumia kupalilia na kuvuna. Haijafa. Inahitaji kupelekwa kwenye miteremko.

Sasa mipango yenyewe. Msimu ufaao ni Januari au Februari, wakati wa kiangazi. Barabara ni kavu, na ndio wakati maji ni machache na kazi ya zamu inaonekana. Tusiende wakati wa masika. Mwezi wa Aprili 2020 maporomoko ya udongo yaliua watu Chesegon, kwenye mpaka wa Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi, na miteremko ile bado haina huruma mvua ikizidi. Njia itupitishe Ahero, Chemelil, Nandi Hills, Eldoret na Iten, kisha Kapsowar na kushuka bondeni kuelekea Tot.

Usalama usipuuzwe. Bonde la Kerio limeteswa na wizi wa mifugo wenye silaha, na Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi kuwasaidia polisi huko na katika kaunti jirani. Kwa hiyo hatuendi kwa kushtukiza. Tuandike barua kwa serikali ya kaunti ya Elgeyo Marakwet, tuzungumze na machifu wa huko, na tusubiri wenyeji watuambie ni lini na wapi. Wakisema tusije, tuahirishe.

Nafasi za basi ziwe nusu Nyabondo, nusu bondeni. Wawemo wakulima wa Gem Rae na wa Kano, na fundi wa mawe. Vijana wapewe nafasi za kweli, maana Ifugao imetuonyesha nini hutokea wakiondoka. Na wanawake wasipungue nusu. Nasema hivi nikijua kwamba kwa desturi ya Marakwet kazi ya mfereji ni ya wanaume na wanawake walizuiwa kuishughulikia. Bondeni kwetu mwanamke ndiye anayepandikiza mpunga, anayepalilia na anayefukuza ndege. Hatuwezi kuiga kanuni inayomtoa kikaoni. Tukae na akina mama wa Marakwet, tuwaulize wanapata vipi maji, nini kinawafaa na nini wangebadilisha. Majibu yao yana uzito sawa na ya wazee wa mfereji.

Wenyeji tuwapelekee mchele wetu, tulipie malazi na muda wao, na wakituruhusu tushike kazi pamoja nao. Mkono uliobeba jiwe hukumbuka zaidi ya jicho lililotazama.

Na Banaue? Siifuti. Kazi yetu ikisimama, tuchague wawili au watatu waende Ifugao wakiwa na la kuwaeleza wenyeji wao, wakulima waliokwenda kuzungumza na wakulima wenzao. Watajua cha kuuliza kuhusu muyong kwa sababu watakuwa wameshapanda msitu wao.

Kwa wanaopanga bajeti ya kaunti nina ombi moja. Kila mwaka kaunti zetu hutenga fedha za ziara za mafunzo, na mara nyingi wanaosafiri ni viongozi wasiomiliki hata mteremko mmoja. Fedha za basi la wakulima kwenda Kapsowar na kurudi ni kidogo sana mbele ya tiketi za ndege za ng'ambo. Zitoeni, pamoja na fedha za mawe, miche na chakula cha saga ya kwanza tutakaporudi.

Kwa wenzangu wa chama, naomba tusilipe hata shilingi ya basi kabla ya watu wa juu na wa chini kukaa Katito na kuuchagua mteremko mmoja wa Nyabondo tutakaouanza, kuandika majina ya watakaochimba, na kukubaliana nini wakulima wa mpunga watamrudishia mwenye shamba la mlimani kila mavuno. Tukishindwa kukubaliana hapa nyumbani, hakuna mlima utakaotusaidia. Tukikubaliana, tutafika Marakwet tukiwa na kazi mkononi na maswali yenye maana.