Msafiri wa Babati na Kiingilio cha Mlangoni

Ipo nasaha moja iliyozoeleka mno miongoni mwa wakaazi wa Dar es Salaam pale ndugu zao wa mikoani wanapowauliza namna ya kuhudhuria mchezo wa jukwaani. Husema: "Wewe njoo tu, tiketi utaipata mlangoni." Hutolewa kwa moyo mkunjufu, na pengine ndiyo sababu imedumu. Lakini ni nasaha mbovu, na ubovu wake haumgusi anayeitoa. Humwangukia anayesafiri.

Na achukuliwe mtu wa Babati. Mji huo, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, umekaa kwenye njia panda: barabara moja yaelekea Arusha, nyingine Dodoma, nyingine Singida, huku ziwa lenye viboko wake, kule mlima Kwaraa. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam kwa njia ya Dodoma ni takriban kilomita 700. Kweli, mambo yamepungua ugumu. Lami ya Dodoma na Babati ilikamilika mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 msafiri aweza kuteremka Dodoma akapanda treni ya umeme hadi pwani. Safari imefupika, ila gharama zake zingali nyingi: nauli ya kwenda na ya kurudi, nyumba ya wageni usiku mmoja au miwili, chakula, na bodaboda za kutafutia ukumbi katika mji asioujua. Gharama hizo zikiwekwa kwenye mizani, tiketi ya mchezo ndiyo kitu chepesi kuliko vyote. Mkaazi wa Sinza akikosa tiketi hurudi kwake akalala. Mtu wa Babati akiikosa, huwa amelipia kila kitu isipokuwa kile alichokijia.

Kwa hiyo busara ya kununua tiketi haiwezi kuwa moja kwa watu hao wawili. Wa mjini aweza kusubiri, kupatana, hata kubadili nia saa ya mwisho. Wa Babati hana budi kununua akiwa Babati.

Wapo wanaoitetea nasaha ya mlangoni kwa mifano ya ng'ambo. Hutaja kibanda cha New York kinachouza tiketi za siku ileile kwa bei iliyopunguzwa tangu mwaka 1973, na mwenzake wa London, pale Leicester Square, tangu mwaka 1980. Ati huko mwerevu ni yule asubiriye. Ni kweli huko hupanga foleni, na ni kweli hupata nafuu. Lakini mfano huo umekatwa kichwa. Katika miji hiyo mchezo mmoja huonyeshwa usiku baada ya usiku kwa miezi, na mingine kwa miaka. Aliyekosa leo atapata kesho, na akikosa huu kuna mwingine mtaa wa pili. Dar es Salaam mchezo waweza kuonyeshwa mara mbili tu, Ijumaa na Jumamosi, kisha wahusika wakatawanyika kila mmoja kwa kibarua chake. Nairobi wana Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza tangu mwaka 1952, na Kampala wana wao tangu mwaka 1959. Mgeni wa Dar es Salaam hapati jumba moja la umma awezalo kulitegemea kwamba juma lolote atakalofika atakuta mchezo. Hubidi afuatilie Bagamoyo leo, Chuo Kikuu kesho, Nafasi kule Mikocheni keshokutwa, au ule ukumbi mdogo wa Oysterbay ambao kwa miaka mingi umekuwa wa michezo ya Kiingereza. Penye uchache namna hii, kusubiri ni kuchezea bahati.

Msomaji wa pwani aweza kuuliza: kwani mtu wa Babati ana haja gani na yote haya, ilhali televisheni anayo sebuleni? Jibu liko shuleni. Kwa miaka mingi vijana wa sekondari wa nchi nzima, wa Babati wakiwamo, wamesomeshwa tamthilia kwa ajili ya mtihani: Ngoswe ya Edwin Semzaba, Orodha ya Steve Reynolds, Kilio Chetu, na waliopanda kidato cha tano na sita wakakutana na Ebrahim Hussein katika Kwenye Ukingo wa Thim na Emmanuel Mbogo katika Morani. Huzikariri dhamira, hutaja wahusika, huandika "matumizi ya lugha" kwa nukta. Kisha humaliza shule, na baadhi yao hurudi kuwa walimu wa kazi hizohizo, wala hawajapata kumwona mtu mzima akisimama jukwaani akayasema maneno hayo mbele ya wenzake. Hayo ni sawa na kumfunza mtoto utenzi kwa kuusoma kimya maisha yake yote, asiusikie ukighanwa hata mara moja. Wapenzi wa ushairi wanaelewa hasara iliyomo humo. Mwalimu wa namna hiyo anapojikusuru akaja mjini kutazama mchezo mmoja, hakuja kustarehe tu. Amekuja kwa niaba ya madarasa yake yote.

Mtu huyo hukutana na nini? Hukutana na bango. Bango lina picha kubwa ya mchekeshaji, jina la mdhamini, neno "VIP" kwa herufi za dhahabu, na bei mbili au tatu. Jina la mchezo aghalabu huwa dogo. Jina la mwandishi mara nyingi halimo kabisa. Saa imeandikwa, lakini kila mtu ajua kwamba saa ile ni ya mapambo. Huo ni mbuzi wa kwenye gunia, na mnunuzi mwenye akili hufungua gunia kwanza. Aulize mchezo ni upi, umeandikwa na nani, unachezwa na kikundi gani, na kama kikundi hicho kiliwahi kuucheza kabla. Maana yapo maonyesho yanayotangazwa kama mchezo wa kuigiza na kumbe ni muziki wa kufuatisha midomo na vichekesho viwili katikati. Hayo nayo yana wapenzi wake, lakini si kitu cha kukifuata kilomita 700.

Akisharidhika na kazi yenyewe, ndipo aulize kiti. Hapa watu wengi huuziwa heshima badala ya mahali. Kiti cha mbele kabisa, kilichovikwa kitambaa cheupe na kuwekewa chupa ya maji, huwa karibu na spika kiasi cha kuumiza masikio, na shingo hulazimika kuinuliwa muda wote. Tamthilia hutazamwa usoni na husikika kwa sauti ya kawaida. Mistari ya katikati, kiti cha bei ya chini, aghalabu ndiyo mahali pake. Kwenye jumba la Globe la London, tangu lifunguliwe mwaka 1997, wanaosimama uani chini ya jukwaa ndio wanaolipa kidogo kuliko wote, nao ndio walio karibu zaidi na waigizaji. Na mwaka 2012 kikundi kutoka Kenya kilicheza hapo vichekesho vya Shakespeare vya wake wa Windsor kwa Kiswahili. Mkaazi wa London, basi, alijua miezi kabla siku, saa na bei ya kuusikia mchezo wa Kiswahili, na aliweza kuuona kwa kiingilio cha kusimama. Mswahili wa Babati hapewi taarifa hizo kwa mchezo unaochezwa katika nchi yake.

Malipo nayo yana hila zake. M-Pesa imekuwapo Tanzania tangu mwaka 2008, kwa hiyo umbali si kisingizio tena cha kumwambia mtu alipe mlangoni. Lakini namba iliyo kwenye bango, ikipigwa hatua za kutuma pesa, na litokee jina la mtu binafsi asiyejulikana na kikundi wala ukumbi, mnunuzi asibonyeze. Apige simu ukumbini. Ujumbe wa malipo autunze, adai namba ya tiketi, na jina lake liandikwe. Wakimwambia "usijali, tunakujua", ajali.

Kuna kauli nyingine inayostahili kupingwa kwa nguvu zaidi, nayo ni ile ya waandaaji: kwamba Watanzania hawajazoea kulipia michezo ya kuigiza, kwa hiyo mipango yote hiyo ya tiketi za mapema ni kujisumbua. Historia inakataa. Katika miaka ya 1990 Muungano, Mandela na Tanzania One Theatre walijaza kumbi za vileo za Dar es Salaam kila juma kwa ngoma, sarakasi, taarab na maigizo, na walioingia walilipa kiingilio, kisha wakatunza tena ndani. Waliokuwa wakilipa hawakuwa matajiri. Kilichokuja baadaye ndicho kilichoharibu mazoea: wingi wa michezo ya miradi, inayochezwa bure uwanjani ili kufundisha watu kunawa mikono au kupima virusi. Mbegu ya sanaa hiyo ilikuwa njema. Wasomi wa Chuo Kikuu walipokwenda Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitaka wanakijiji waigize matatizo yao wenyewe. Lakini ilipogeuka kazi ya wafadhili, mtazamaji akageuka mlengwa. Mlengwa haulizi saa, haulizi kiti, hadai chochote, maana hakutoa chochote. Na mwandaaji aliyelelewa katika desturi hiyo humtendea hivyo hata yule aliyelipa.

Ongeza kadi za mwaliko. Mistari mizima hutengwa kwa wakubwa ambao hawaji, na aliyesafiri siku nzima huambiwa ukumbi umejaa huku viti vitupu vikionekana kupitia mlangoni.

Wala visiwani watu wasijione wamepona. Wamo wanaouza onyesho la Ngome Kongwe kwa tangazo la mdomo la jioni ileile. Hata hivyo kisiwa kina mfano ulio wazi, nao upo bandarini. Tiketi ya boti ya kwenda Dar es Salaam ina jina la abiria, ina tarehe na ina saa, na asiyefika kwa wakati huachwa, awe nani. Hakuna anayesema Mswahili hajazoea boti yenye saa. Wale wale wanaopanda boti ya saa moja asubuhi bila kuchelewa ndio wanaoambiwa kwamba mchezo wa saa moja usiku utaanza saa tatu.

Kwa mtu wa Babati saa hizo mbili zina bei. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023 baada ya marufuku ya miaka mingi, kwa hiyo mchezo ulioanza kwa wakati wamwezesha kufika kituo cha Mbezi na kuondoka usiku uleule. Uliochelewa wamlazimisha kulipa chumba kingine, na mwalimu huyo Jumatatu ana kipindi.

Na iwapo Dar es Salaam haitaki kuongea naye, ajue kwamba Nairobi iko karibu zaidi. Babati hadi Arusha, Arusha hadi Namanga, Namanga hadi Nairobi: hazifiki kilomita 500. Ashike hati yake ya kusafiria tu. Mingi ya michezo ya huko ni ya Kiingereza, lakini siku na saa zake hutangazwa mapema. Itakuwa aibu ya nani, mwalimu wa Kiswahili wa Tanzania akivuka mpaka kwenda kutafuta jukwaa?

Kinachodaiwa si kikubwa. Jina la mchezo, jina la mwandishi, saa ya kweli, na namba ya simu inayopokelewa. Karatasi moja, majuma mawili kabla, ibandikwe stendi ya Babati. Dereva wa basi ataibeba bure.