Msiruke sehemu za mwanzo

MEZA YA JUMAMOSI
Na Zuhura Mbarouk

Wapenzi wa anime wana ushauri wanaompa kila mgeni: vumilia mpaka sehemu ya tatu, hapo ndipo mambo yanapoanza. Wengine hawana hata uvumilivu huo. Wanamtumia mwenzao klipu ya dakika mbili kwenye simu, yenye damu na kilio, kana kwamba ndiyo hadithi yenyewe. Naupinga ushauri huo, na siwezi kuupinga bila kutaja yanayotokea. Asiyetaka kuharibiwa uhondo wa Madoka Magica na Fullmetal Alchemist aliweke gazeti pembeni, arudi akishatazama.

Madoka Magica ilianza kurushwa Japani Januari 2011, sehemu 12 tu. Ukiitazama kwa juujuu ni katuni ya wasichana wadogo: nyuso za mviringo zilizobuniwa na Ume Aoki, sare za shule, na kijinyama cheupe kiitwacho Kyubey kinachomtimizia msichana ombi moja, mradi naye akubali kupigana na wachawi. Mami Tomoe, aliyewatangulia shuleni wasichana wawili, Madoka na Sayaka, anawakaribisha kwake, anawaandalia chai na keki, anawaonyesha kazi ilivyo. Anaishi peke yake. Ombi lake alilitoa akiwa anakata roho katika ajali ya gari.

Katika sehemu ya tatu Madoka anamwahidi kwamba atapigana bega kwa bega naye. Mami analia kwa furaha, maana upweke umekwisha. Anaingia vitani moyo ukiwa mwepesi, anamfunga mchawi mdogo kama mwanasesere, anampiga risasi. Kinywani mwa mwanasesere yule linachomoka joka refu lenye uso wa kuchekesha, na kufumba na kufumbua limemng'ata Mami kichwa. Homura, msichana mpiganaji mwingine aliyemwonya kwamba mchawi huyu si kama wengine, alikuwa amefungwa kwa utepe wa Mami mwenyewe. Utepe unalegea pale tu mwenye nao anapokufa.

Wakata klipu huishia hapo. Kwangu mimi kiini kinafuata sekunde chache baadaye: Kyubey anawageukia wasichana wawili wanaotetemeka na kuwahimiza wafanye mkataba naye haraka. Uso wake ni uleule wa sehemu ya kwanza, na sauti ni ileile ya upole. Hapo ndipo unapogundua kwamba mwandishi, Gen Urobuchi, hakukudanganya hata mara moja. Kila kitu alikiweka wazi, ila wewe ulikuwa unaangalia keki. Aliyeanzia kwenye klipu ameona msichana akiliwa, basi.

Ushahidi mwingine uko katika Fullmetal Alchemist, kwa sababu kisa kimoja cha Hiromu Arakawa kilitengenezwa mara mbili na studio ileile ya Bones. Shou Tucker, msomi anayeogopa kupoteza cheo chake serikalini, anamuunganisha binti yake Nina na mbwa wao Alexander kuwa mnyama mmoja anayeongea. Edward, mhusika mkuu, anamuuliza alipata lini cheo hicho kwa kutengeneza mnyama wake wa kwanza aliyeongea. Miaka miwili iliyopita. Na mke wake aliondoka lini? Jibu ni hilohilo. Swali la mwisho ni Nina na Alexander wako wapi, na mnyama aliye sakafuni ameshamwita Edward kaka.

Katika toleo la 2009 tunakutana na Nina na kumpoteza katika sehemu hiyohiyo moja, ya nne. Toleo la 2003 linatuweka nyumbani kwa Tucker tangu sehemu ya sita. Edward anasomea mtihani, siku yake ya kuzaliwa inafika, Nina anacheza na wageni wake, na sehemu ya saba ndiyo inayotuvunja. Toleo la 2009 nalipenda kuliko lile kwa mambo mengi, lakini kwa Nina, la 2003 linalishinda mbali. Mtoto uliyekaa naye huwezi kumlilia sawa na mtoto uliyetambulishwa kwake leo.

Akame ga Kill! ya 2014 ilidhani vifo vyenyewe vinatosha. Wauaji wa kundi la Night Raid wanakufa mmoja baada ya mwingine, na mfululizo unapofika katikati mtazamaji anakisia tu leo ni zamu ya nani. Huko ni kuhesabu maiti.

Kwa hiyo, ewe unayempendekezea rafiki yako, mpe sehemu ya kwanza na ufunge mdomo. Usimtajie namba ya sehemu, usimtumie klipu, usimkodolee macho Mami anapomimina chai. Na wewe uliyeanzia katikati kwa ushauri wa wenzako, rudi mwanzo uitazame upya.